Kwa nini kuchemsha maji hakukuwaokoa watu wa Flint?

SWALI: Mhandisi, habari za kazi. Nimesoma kuhusu maji yenye risasi katika mji wa Flint, Marekani. Sisi tukiyatilia shaka maji tunachemsha. Wao walishindwa nini? Na ilikuwaje serikali ikasema vipimo viko sawa?

JIBU: Nzuri, ndugu yangu. Kuchemsha kunaua vijidudu, kama vya kipindupindu. Risasi ni metali, haifi na haiondoki na mvuke. Maji yakipungua sufuriani, yanayobaki yana risasi iliyokolea zaidi.

Risasi hiyo haikutoka mtoni. Aprili 2014 mji ulikuwa chini ya msimamizi aliyeteuliwa na gavana, si kuchaguliwa na wakazi. Ili kubana matumizi, waliacha maji ya mji jirani wa Detroit wakaanza kutumia ya Mto Flint. Maji ya Detroit yalitiwa fosfati, inayojenga utando ndani ya bomba. Ya mto yalikuwa na kloridi nyingi, yanakula metali, na fosfati hawakuweka. Utando ukabanduka, mabomba ya risasi yanayoingia majumbani yakaanza kulika. Oktoba mwaka huohuo kiwanda cha injini cha General Motors kiliyakataa maji hayo kwa kuwa yalishikisha vipuri kutu. Watoto waliendelea kuyanywa mwaka mzima zaidi. Hili siwezi kulisamehe.

Kuhusu vipimo: ukipima maji yanapotoka mtamboni, risasi huioni, kwani inaingia njiani. Na waliopimiwa nyumbani waliagizwa wamwage maji ya bomba kwanza, usiku wa kuamkia siku ya kupima. Hapo umeshaosha unachokitafuta! Sampuli ya haki ni lita ya kwanza kabisa, baada ya maji kulala bombani kwa angalau saa 6. Ukweli ulitolewa na wakazi wenyewe, wakisaidiwa na wataalamu wa chuo kikuu cha Virginia Tech, kisha Septemba 2015 Dkt. Mona Hanna-Attisha, daktari wa watoto mjini Flint, akaonyesha kuwa risasi imeongezeka katika damu ya watoto. Mwezi uliofuata mji ukarudia maji ya Detroit. Risasi inaharibu ubongo unaokua, na hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto.

Kwa hiyo endelea kuchemsha kwa ajili ya vijidudu. Ukishuku risasi, tafuta chujio lililothibitishwa kuondoa risasi, na upikie maji ya bomba la baridi, kwa sababu ya moto huyeyusha risasi zaidi. Maziwa ya kopo ya mtoto mchanga, usiyakoroge kamwe kwa maji yaliyotoka moto bombani.