Maswali na majibu: Piper Cub inanivuta kushoto kila nikiruka Mtwara

SWALI: Ninarusha Piper J-3 Cub, ndege ndogo ya kigurudumu cha mkia, kwenye FlightGear, programu ya kompyuta ya kuigiza urushaji wa ndege; kiwanja cha Mtwara, njia ya kurukia namba 19, nimeweka upepo wa kusi. Natumia pedi ya gemu. Nikianza kukimbia, ndege inakwenda kushoto mpaka majanini. Niliambiwa niegemeze fimbo ya kuongozea upande unakotoka upepo, yaani kushoto, lakini nikifanya hivyo ndiyo inazidi. Nikitua, inajizungusha. Ni ndege au ni mimi? – Msomaji, Shangani, Mtwara

JIBU: Aliyekuambia uegemeze fimbo kushoto alikuambia sawasawa, na ndege ni nzima. Ninachokishuku ni ule mpangilio wa programu unaounganisha fimbo na usukani wa mkia ili mtu asiye na pedali za miguuni apate kona safi hewani. Ukiwa umewashwa, kila unapolaza fimbo kushoto, usukani wa mkia nao unakwenda kushoto.

Hakikisha kwanza. Ndege ikiwa imesimama, bonyeza V mpaka uione kutoka nyuma, kisha laza fimbo kushoto. Eleroni (kibao kinachopinda kwenye ukingo wa nyuma wa bawa) ya bawa la kushoto inatakiwa inyanyuke, ya kulia ishuke, na usukani wa mkia utulie. Ukiuona nao unapinda, umempata mchawi. Kwenye dirisha la kuanzishia programu, sehemu ya mipangilio ya ziada, andika --disable-auto-coordination. Halafu ingia kwenye mpangilio wa joystiki, chukua kijiti cha pili cha pedi na ukipe usukani wa mkia, kushoto na kulia. Usitegemee kibodi kwa kazi hii: sifuri na Enter za upande wa namba zinasogeza usukani kweli, lakini hauji katikati wenyewe mpaka ubonyeze 5, na Cub haikusubiri.

Mvuto wa kushoto hautaisha wote, kwa sababu ni wa asili. Panga boi la Cub huzunguka kisaa ukilitazama kutoka kitini. Mkia ukiwa chini, pala linaloshuka upande wa kulia linavuta zaidi kuliko linalopanda, na upepo wa panga boi unazunguka mwili wa ndege na kuusukuma mkia kulia, kwa hiyo pua inakwenda kushoto. Unapoinua mkia, panga boi linafanya kama pia inayozunguka: pua inatupwa kushoto tena, na kadiri unavyouinua kwa haraka ndivyo inavyotupwa kwa nguvu.

Juu ya hayo, wewe umeongeza kusi. Tuseme linatoka nyuzi 150, kilomita 30 kwa saa. Njia 19 inaelekea nyuzi 190, kwa hiyo upepo unakupiga kwa pembe ya nyuzi 40 kutoka kushoto, na sehemu yake inayokatiza njia ni kama kilomita 19 kwa saa. Ndege ya kigurudumu cha mkia hupenda kugeuza pua kuelekea upepo unakotoka. Injini inavuta kushoto, upepo unavuta kushoto, na programu ilikuwa inakusaidia kwenda hukohuko!

Ndiyo maana nakushauri usianzie na kusi. Kwenye hali ya hewa ya kuandika mwenyewe, tafuta kifungu kinachoishia na KT: tarakimu tatu za mwanzo ni upande, mbili zinazofuata ni kasi kwa fundo, yaani maili za baharini kwa saa. Anza na 00000KT. Ukishaweza, weka 04508KT, yaani kaskazi, na uruke njia 01. Hapo upepo unatoka kulia na unapunguza mvuto wa injini. Kusi, 15016KT, liwe la mwisho.

Namna ya kuruka: songa mbele mita chache ili kigurudumu cha mkia kinyooke. Vuta fimbo nyuma, ilaze upande wa upepo, weka usukani kulia kidogo kabla ya kuongeza moto, kisha fungua injini taratibu kwa sekunde nne hivi. Kwenye maili 25 hadi 30 kwa saa achia fimbo mbele polepole mpaka mkia unyanyuke. Masahihisho yawe ya kugusa na kuachia. Ukishikilia, utahamia majani ya upande wa pili. Inaacha ardhi kwenye maili 40 na kitu, nawe panda kwa 55.

Kutua kulikuwa na tatizo hilohilo. Kwenye kusi unatakiwa ulaze bawa la kushoto na usukani wa mkia uende kulia, gurudumu la kushoto liguse kwanza. Kwa mpangilio ule, fimbo na usukani visingeweza kupingana. Njoo kwa maili 55 hadi 60. Ukishagusa, fimbo nyuma kabisa na usiache usukani mpaka ndege isimame: uzito wa Cub uko nyuma ya magurudumu makubwa, hivyo kila ikipinda kidogo uzito unaizidishia. Kitufe cha B kinafunga breki zote mbili, na ukikishikilia ndege ikiwa na kasi itaangukia pua. Tumia kitufe cha mkato (,) kwa gurudumu la kushoto na cha nukta (.) kwa la kulia, tena kwa kudonoa.