Samurai na Deni la Mchele

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, nimesoma kwamba katika Japani ya zamani samurai, yaani shujaa wa vita, alikuwa juu na mfanyabiashara chini kabisa. Iweje basi samurai wengi wakawa wadeni wa wafanyabiashara hao hao? – Msomaji, Tanga.

JIBU: Ndugu msomaji, heshima na fedha zilikuwa mikononi mwa watu tofauti. Mwaka 1588 mtawala Toyotomi Hideyoshi aliwanyang'anya wakulima silaha, na chini ya utawala wa Tokugawa, ulioanza 1603, kuvaa panga mbili kiunoni, refu na fupi, kukawa alama ya samurai. Lakini wengi wao walikuwa wameshahamishiwa kwenye miji yenye ngome, mbali na mashamba, wakilipwa mchele kwa koku, kipimo cha lita 180 hivi, kilichohesabiwa kumtosha mtu mmoja kwa mwaka. Mjini Edo (Tokyo ya leo), madalali wa mtaa wa Kuramae waliuza mchele huo kwa niaba ya samurai na kuwakopesha kwa dhamana ya malipo yajayo, hivyo bei ya mchele iliposhuka, shujaa aliyelelewa kudharau fedha alizidi kuzama. Naliona hilo kuwa jambo la kusikitisha. Mwaka 1789 serikali ilifuta madeni mengi ya samurai waliokuwa watumishi wake; madalali nao wakabana mikopo, na dhiki ikarudi.