Siku tatu za Gir, Gujarat

Ndugu, umeuliza kama siku tatu zinatosha Gir, ile hifadhi ya simba katika jimbo la Gujarat, India. Zinatosha, ila usiende kati ya 16 Juni na 15 Oktoba, hifadhi hufungwa kwa masika yao. Kibali cha gari kata mapema mtandaoni, na pasipoti uwe nayo getini. Ukikosa nafasi kuna Devalia, eneo lenye uzio. Simba utawaona, lakini utamu wa porini haupo.

Simba wenyewe wana manyoya haba shingoni na ngozi inayoning'inia tumboni. Sensa ya 2025 ilihesabu 891 Gujarat nzima, wengi wako nje ya hifadhi, hata karibu na mashamba ya watu.

Ila mimi ningekuambia usikose Jambur, kijiji cha Wasidi, watu wenye asili ya Afrika. Wanazungumza Kigujarati, lakini ngoma yao wanaiita goma. Mswahili ukisikia hapo lazima utabasamu!

Siku ya mwisho nenda hekalu la Somnath, ufukweni. Ukitaka kupanda Mlima Girnar pia, una ngazi kama 10,000, kwa hiyo magoti yako uyaulize kwanza.