Sangara anachomoka: tazama fimbo kabla ya chambo

Ndugu yangu, umesema fimbo yako inapinda nchani tu, na kila ukikokota samaki bandia wa ndoana za ncha tatu nyuma ya boti, sangara anashika kisha anachomoka. Kosa si la chambo. Sangara akiruka huachama mdomo na kutikisa kichwa kwa nguvu. Fimbo ngumu kama yako, tena yenye mshipi wa kusuka usiotanuka, haimfuati, basi tundu la ndoana linapanuka na ndoana inatoka.

Chambo hicho kinataka fimbo inayopinda hadi katikati. Samaki akigonga, usivute kwa ghafla. Acha fimbo ipinde yenyewe kwa uzito wa samaki. Kama pesa ya fimbo ya pili haipo, funga mita kadhaa za nailoni inayotanuka kati ya mshipi na chambo, na ulegeze kidogo breki ya rili, yaani kigurudumu cha kukunjia mshipi.

Hiyo uliyo nayo usiiuze! Nenda kwenye miamba, funga jigi, yaani chambo chenye kichwa kizito cha risasi, ya ndoana moja nene, iache iguse chini, kisha inyanyue kwa kifundo cha mkono. Utahisi hata kokoto. Hapo ukiguswa, vuta mara moja.

Na usichanganye mpindo na nguvu: hata fimbo nzito yaweza kupinda hadi katikati.