Ukumbi wenye dari refu: kwa fundi AC anayeanza

Mdogo wangu uliyemaliza chuo juzi, haitapita muda utaitwa kwenye ukumbi wa harusi au kanisa lenye dari la mita saba, na mwenye mali atakwambia: "AC zote zinawaka, joto liko palepale, hebu angalia gesi." Usikimbilie geji. Gesi unaweza kuikuta imekamilika, na shida ikawa ni mahali ubaridi unapokwenda.

Funga vipimajoto viwili kwenye bomba refu la plastiki, kimoja usawa wa kichwa cha mtu aliyeketi, kingine karibu na dari. Pima saa nane mchana. Msimu wa kaskazi hapa pwani, bati lisilo na kizuizi chochote chini yake hufika nyuzi 60, na hewa inayoligusa hubaki juu kwa kuwa ni nyepesi. Mtu hakai huko juu. Anayelipiwa umeme ni yule aliye kwenye kiti, ndani ya mita mbili za kwanza kutoka sakafuni.

Kisha tazama spliti (AC za ukutani) zilipofungwa. Wengi huzipandisha mita nne au tano ili picha za harusi zitoke safi. Kihisi cha joto kimo ndani ya mashine yenyewe, pale inapovutia hewa, kwa hiyo kinasoma joto la juu. Chini wageni wameshapoa, lakini mashine inaamini bado kuna moto. Kompresa haipumziki na uniti za LUKU zinayeyuka. Zishushe hadi kama mita tatu na elekeza hewa kwa mlalo. Hewa baridi ni nzito, itatulia chini yenyewe kama maji kwenye beseni.

Beseni likitoboka, kazi bure. Matundu ya juu ukutani yana faida kubwa ukumbi unapotegemea upepo, lakini AC ikiwashwa, ubaridi humwagika kwa milango ya chini na joto la nje huingia kwa matundu yale. Yazibe, ila nafasi iliyo kati ya dari na bati iachie ipumue.

Kwenye hesabu, ile kanuni ya BTU 600 (kipimo cha nguvu ya AC kupoza) kwa mita mraba ni ya vyumba vya kawaida. Ukiizidisha kwa sababu dari ni refu, utafunga mashine kubwa mno: itapoza haraka, itazima, na unyevu utabaki, watu wakae kwenye baridi yenye majimaji. Hesabu watu kwanza. Mtu aliyeketi hutoa takriban wati 100 za joto, hivyo watu 500 ni kilowati 50, karibu BTU 170,000, hata dari lingekuwa mita tatu. Ongeza jua, taa na muziki.

Pangaboi moja hula wati 75 hivi. Upepo wake humfanya mtu ajisikie nafuu ya nyuzi mbili au tatu, basi AC iwekwe 25 badala ya 22. Lakini litundike kwa fimbo ndefu. Likibandikwa chini ya bati lenye moto, litawashushia watu joto vichwani.

Ukipata kazi Ulaya au Kanada, mambo hugeuka. Kwenye maghala ya huko wakati wa baridi, joto lililolipiwa hupanda darini likakaa bure, na mapangaboi makubwa ya mwendo wa polepole hulirudisha chini.

Hapa kwetu mimi huanza na rangi nyeupe juu ya bati na foili au pamba ya kioo ya kuzuia joto chini yake, halafu mapangaboi, AC mwisho. Makanisa mengine yakifika kwenye mapangaboi hayahitaji tena AC. Mteja atataka kinyume, maana AC inaonekana na pamba ya darini haionekani. Mwandikie bei zote tatu kwenye karatasi moja, pamoja na makadirio ya umeme wa mwezi, umwachie achague.