Imeji ya mashine pepe ichaguliwe kabla ya kadi: kwa wanaoanza kurenda kwenye wingu

Unapowasha mashine pepe, yaani kompyuta ya kukodi kwenye wingu, ya kurendea (kugeuza kazi ya 3D kuwa picha), swali la imeji huja mapema, na wengi hulipita upesi ili wafike kwenye kadi ya grafiki na bei yake kwa saa. Nami niliwahi kufanya hivyo. Imeji ndiyo mfumo endeshi, draiva (programu inayouwezesha mfumo kuitumia kadi) na maktaba zitakazoibeba programu yako, kwa hiyo jua kwanza programu inadai nini.

Chukua Blender, programu ya 3D: matoleo ya 4 kwenye Linux yanahitaji glibc, maktaba ya msingi ya mfumo, toleo la 2.28 au jipya zaidi, ilhali CentOS 7, mfumo wa Linux ulioacha kupata marekebisho ya usalama tarehe 30 Juni 2024, una 2.17, na hapo programu haifunguki kabisa. Rocky Linux 8 inatosha, na Ubuntu 22.04 inazidi.

Programu inayokataa kufunguka haikuli pesa nyingi, kwa kuwa unaiona papo hapo. Ninachokuonya zaidi ni draiva. Imeji ya kawaida ya Ubuntu haiji na draiva ya NVIDIA, na Cycles, injini ya kurendea ya Blender, isipoiona kadi yaweza kuendelea kurenda kwa prosesa bila kusimama. Usiku mmoja nilituma fremu 240, yaani sekunde 10 tu za katuni. Asubuhi nilikuta fremu 31, na bili ya kadi ambayo haikuguswa. Tangu hapo huandika kwanza nvidia-smi, amri ya kuonyesha hali ya kadi, nikahakikisha jina la kadi na toleo la draiva vimeonekana, kisha hurenda fremu moja huku nikitazama asilimia ya matumizi ya kadi. Ikibaki 0, naizima mashine.

Imeji zenye programu ndani yake huvutia, lakini si zako: zile za Azure Batch, huduma ya wingu ya Microsoft, zilizokuwa na programu za 3D Maya na Arnold ziliondolewa tarehe 29 Februari 2024. Ni afadhali uanze na imeji tupu, usakinishe unachohitaji, uhifadhi imeji yako na kuipa jina lenye toleo la Blender na la draiva. Kwenye AWS, wingu la Amazon, kumbuka kwamba imeji ni ya kanda moja, yaani eneo moja la vituo vya data. Iliyohifadhiwa Ireland haitumiki Cape Town mpaka uinakili, na nakala hupewa kitambulisho kipya. Mafaili ya mradi yaweke kwenye hifadhi ya pembeni, kwa sababu diski iliyotokana na imeji husoma polepole mara ya kwanza, na dakika hizo unazilipia.