Fungu la polisi wa mtandaoni: mmeuliza, najibu

Niliandika hapa kwamba vikosi vya polisi vinavyopeleleza magenge ya mtandaoni vipewe fungu lao katika bajeti ya serikali, tena la miaka kadhaa mfululizo. Barua zilimiminika, nyingi za kunipinga. Haya ni maswali yaliyojirudia, nimeyafupisha.

Polisi tayari wana kompyuta na wana mishahara. Fungu maalumu la nini tena?

Kompyuta ndiyo sehemu rahisi. Chukua simu moja tu iliyokamatwa kwa mshukiwa. Programu ya kuifungua na kunakili yaliyomo hainunuliwi mara moja, hulipiwa leseni kila mwaka. Programu ya kufuatilia sarafu za kidijitali kutoka pochi hadi pochi, yaani akaunti zinamohifadhiwa, nayo ni hivyo hivyo. Nakala ya ile simu lazima itunzwe bila kuguswa mpaka kesi iishe na rufaa zake zote, na huko ni miaka. Sasa zidisha kwa simu arobaini na kompyuta kumi za genge moja. Kuna hifadhi ya data, kuna wakalimani, kuna mtaalamu atakayesimama kizimbani siku tatu akihojiwa na wakili aliyejiandaa vizuri kuliko yeye.

Fungu hili likichanganywa na la magari na sare, linamezwa. Gari bovu linaonekana na kila mtu barabarani, leseni iliyokwisha muda haionekani na yeyote. Nimeona mradi wa aina hii ukizinduliwa kwa hotuba na utepe, na miezi kumi na minne baadaye mashine zimefunikwa turubai kwa sababu hakuna aliyekumbuka ada ya mwaka wa pili. Ndiyo maana nasisitiza miaka kadhaa. Upelelezi wa genge hauishi mwaka wa fedha unapoisha.

Nimesoma kwamba soko la mtandaoni la dawa za kulevya la Silk Road liligunduliwa na mtu aliyetafuta tu kwenye Google. Mamilioni ya nini basi?

Swali zuri kuliko yote, na umesoma sawa. Mwaka 2013 mpelelezi wa mamlaka ya kodi ya Marekani alikaa akitafuta mahali pa kwanza kabisa jina la soko hilo lilipotajwa mtandaoni. Akakuta tangazo la Januari 2011 lililoandikwa na mtu mwenye jina la bandia, kisha akakuta jina hilo hilo likiwa limeandika mahali pengine na kuacha anwani ya barua pepe yenye jina lake halisi. Gharama yake, sifuri.

Lakini angalia alichokuwa nacho: muda. Alilipwa mshahara ili akae na jambo moja mpaka alimalize. Mpelelezi mwenye majalada mia mezani hapati jioni kama hiyo. Na jina peke yake halifungi mtu. Ilibidi seva, yaani kompyuta zilizoendesha soko hilo, zilizokuwa Aisilandi zinakiliwe, na mshukiwa akamatwe kompyuta yake ikiwa wazi, kwa maana ikifungwa tu, ushahidi wote umejifunga nayo. Oktoba 2013, katika maktaba ya umma mjini San Francisco, makachero wawili walijifanya wapenzi wanaogombana nyuma yake. Alipogeuka kuwatazama, mwenzao akainyakua kompyuta. Hakuna mashine inayofanya kazi ile. Kwa hiyo tunakubaliana zaidi kuliko unavyodhani: tukilazimika kuchagua, mimi nachukua watu kabla ya mitambo.

Kwa nini vikosi hivi visijilipe kwa mali vinayokamata?

Naelewa tamaa hiyo. Februari 2022 Marekani ilikamata bitcoin, aina ya sarafu ya kidijitali, zaidi ya 94,000 zilizotokana na wizi wa mwaka 2016 katika Bitfinex, soko la kubadilishia sarafu hizo, na siku hiyo thamani yake ilikuwa takriban dola bilioni 3.6. Nani asingependa?

Shida ni kwamba mfuko ukitegemea mawindo, mwindaji huchagua mnyama mnono. Genge linalosambaza picha za watoto wanaodhulumiwa mara nyingi halina pesa ya maana ya kukamata, na hilo ndilo ningetaka litangulie. Mali iliyokamatwa irudishwe kwa walioibiwa, inayobaki iende hazina kuu, na kikosi kilipwe kwa bajeti iliyopitishwa na bunge kama wengine wote.

Mkishawafunza, si watahamia benki na kampuni binafsi?

Watahama. Wengine hurudi, wakilipwa vizuri. Mtaalamu wa sarafu za kidijitali akihamishiwa dawati la usalama barabarani kwa sababu tu zamu yake ya uhamisho imefika, msimlaumu akiandika barua ya kuacha kazi wiki hiyo hiyo.

Polisi wenyewe wakiziiba hizo sarafu?

Imeshatokea, na katika kesi ile ile ya Silk Road. Maofisa wawili wa serikali ya Marekani waliokuwa kwenye upelelezi huo walijichotea bitcoin, na mwaka 2015 wakafungwa, mmoja miaka sita na nusu, mwingine karibu sita. Kumbukumbu za miamala ya bitcoin, ambazo haziwezi kufutwa, zilisaidia kuwanasa. Katika fungu ninalolitetea, pesa ya mkaguzi wa nje iwekwe tangu siku ya kwanza, na funguo (namba za siri) za pochi zilizokamatwa zisishikwe na mtu mmoja hata kama ni mkuu wa kikosi. Asiyetaka sharti hilo asipewe fungu.

Magenge yako nje ya nchi. Kwa nini tuwalipie wengine kazi yao?

Hiyo kazi ni yenu pia. Juni 2021 ilitangazwa operesheni iliyofanywa na FBI, idara ya upelelezi ya Marekani, na polisi wa Australia kwa kutumia simu za mawasiliano ya siri zilizoitwa Anom. Wahalifu walidhani ni salama, kumbe polisi wenyewe ndio waliokuwa wakiziendesha. Nchi 16 zilishiriki, watu zaidi ya 800 wakakamatwa. Ujumbe uliosomwa ulifika milioni 27, katika lugha zaidi ya 40. Nchi isiyo na mtu wa kusoma ujumbe wa wahalifu wake inabaki kungojea majirani wakipata nafasi. Mkataba wa Budapest wa 2001 kuhusu uhalifu wa mtandaoni unazitaka nchi wanachama ziwe na ofisi inayopokea maombi ya wenzao saa 24, na ofisi haikeshi bure.

Tutajuaje kama pesa inafanya kazi? Idadi ya waliokamatwa?

Hapana, hiyo ndiyo takwimu rahisi kuipika. Kamata vijana hamsini wanaokodisha laini za simu, taarifa itapendeza na kinara hatakosa usingizi. Februari 2024 polisi wa nchi kadhaa, wakiongozwa na Uingereza, waliliteka genge la LockBit lililokuwa likifunga mafaili ya watu na kudai fidia. Waliokamatwa siku hizo walikuwa wachache sana, lakini seva zilichukuliwa na funguo zaidi ya 1,000 za kufungulia mafaili zikapatikana. Genge lilijaribu kurudi siku chache baadaye, kwa hiyo sisemi ulikuwa ushindi kamili. Nasema tu uliza waathirika wangapi wamepata chao, na kesi ngapi zimefika hukumu.

Mimi niliibiwa kiasi kidogo tu. Kuna haja ya kuripoti?

Ipo. Kiasi chako kidogo, kwenye akaunti ile ile iliyopokea vidogo vya wengine mia tatu, ndicho kinachomwonyesha mpelelezi kwamba hapa kuna genge, si kibaka. Usifute mazungumzo hata kama yanakuaibisha. Piga picha za skrini, andika tarehe, saa, namba ya muamala na jina la akaunti iliyopokea, kisha upeleke polisi na benki leo, maana benki inaweza kuzuia pesa ambayo bado haijatolewa.